Viungo vinauma wiki hadi wiki: je, ni ugonjwa wa Lyme?

Mama mmoja wa Kiromo alikuja kliniki akiwa na simu mkononi. Magoti na vifundo vya mikono vilikuwa vinamuuma mwezi wa pili sasa. Asubuhi hawezi kukuna nazi, hata kufungua kifuniko cha dumu anamwita mtoto. Dada yake anayefanya kazi Ujerumani alimwandikia kwamba hiyo ni Lyme, aombe dawa za kuua bakteria za wiki tatu. Alitaka nimwandikie siku hiyo hiyo.

Usimcheke. Maumivu yasiyoisha yanakufanya utafute jina popote. Lakini jina likikosewa na dawa inakosewa, huku ugonjwa wenyewe unaendelea.

Lyme ni ugonjwa wa kweli, na akina mama ndio walioufichua. Mwaka 1975, katika mji wa Lyme, jimbo la Connecticut nchini Marekani, mama aliyeitwa Polly Murray na wenzake waliona watoto wengi wa eneo moja wanavimba magoti. Hawakukubali kuambiwa ni bahati mbaya tu, wakaipigia simu idara ya afya. Baadaye mtafiti Willy Burgdorfer aliwakuta bakteria wake ndani ya kupe. Kupe hao wanaishi kwenye misitu na nyasi za nchi za baridi: Marekani, Ulaya na sehemu za Asia. Mara nyingi ugonjwa huanza na wekundu wa ngozi unaotanuka kama duara mahali kupe alipouma. Kama umeishi au umetembelea huko, mwambie daktari. Kama hujawahi kutoka Bagamoyo, Lyme iweke mwisho kabisa wa orodha yako, hata kama mbwa wa jirani ana kupe.

Huku kwetu pwani, swali langu la kwanza ni hili: maumivu yalianza na homa?

Kama ilikuwa homa kali ya ghafla, viungo vingi vikashika pamoja, pengine na vipele, na kipimo cha malaria kikasema hakuna, basi nafikiria chikungunya. Hilo ni jina la hapa hapa Tanzania. Ni neno la Kimakonde linalohusu kupinda au kukunjamana, kama anavyotembea mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 upande wa Newala. Mwaka 2004 ulizuka Lamu na Mombasa, kisha ukavuka hadi Comoro. Homa huisha ndani ya siku chache, lakini viungo vinaweza kuuma kwa miezi, hasa kwa watu wazima. Ni virusi, kwa hiyo dawa za kuua bakteria hazisaidii. Kipimo chake hakipo kila zahanati. Uliza kama damu inaweza kupelekwa maabara kubwa.

Homa ikiwa bado ipo, tumia paracetamol kwa kipimo ulichoelekezwa. Usikimbilie aspirini wala sindano ya diklofenaki dukani, kwa sababu dengue huanza vile vile, na dawa hizo zinaweza kuongeza kutokwa na damu. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini kabisa bila agizo la daktari.

Lakini si kila kiungo kinachouma ni chikungunya. Kama familia inakunywa maziwa mabichi, au mnafanya kazi na mifugo, na homa inakuja na kuondoka na jasho la usiku na mgongo kuuma, litaje hilo. Inaweza kuwa brusela, na hiyo ina dawa zake. Kama umelala kwenye nyumba ya udongo yenye papasi, na homa inaisha kisha inarudi baada ya siku kadhaa, sema pia. Bakteria wa homa ya papasi ni ndugu wa wale wa Lyme, anaonekana kwenye damu kwa darubini, na ni hatari kwa mjamzito.

Kwa watoto nina wasiwasi zaidi. Mtoto wa umri wa shule aliyeumwa koo, halafu baada ya wiki mbili au tatu goti likavimba, likapoa, kikashika kifundo cha mguu, huenda ana homa ya rumatizimu. Viungo vitapona vyenyewe, ila moyo unaweza kubaki na kovu. Usiseme "anakua huyo". Mtoto mdogo anayevimba viganja na nyayo apimwe selimundu. Na kama ni kiungo kimoja tu, kina moto, kimevimba, mtoto ana homa na hataki kukanyaga chini, mpeleke leo, hata kama ni usiku. Usaha ukiingia kwenye kiungo unakiharibu ndani ya siku chache.

Kabla ya kuja, andika kwenye daftari la kliniki: homa ilianza lini, kiungo gani kilitangulia, asubuhi kinakaza kwa muda gani, dawa gani umeshameza. Zile tembe ndogo za prednisoloni zinazouzwa kimya kimya usizifiche. Zinatuliza maumivu na kutupoteza njia. Ukikaza asubuhi zaidi ya nusu saa kwa wiki sita, omba rufaa, inaweza kuwa baridi yabisi.

Yule mama, nilipomuuliza, alikumbuka kwamba homa iliwashika watu wanne wa uani kwake wiki moja. Majibu ya maabara yalikuja: chikungunya. Alipewa dawa ya maumivu, nikamfundisha kukunja na kukunjua vidole ndani ya maji ya vuguvugu kila asubuhi. Tulikwenda kwake pia. Mbu wa chikungunya huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, na huzaliana kwenye maji tuliyohifadhi wenyewe. Pipa halikuwa na kifuniko, na nyuma ya jiko kulikuwa na vifuu vya nazi vilivyojaa maji ya mvua. Siku hizi pipa analisugua kila Jumamosi na kulifunika. Mwezi wa tano alianza tena kukuna nazi, ingawa kifundo cha kulia bado kinamsumbua kukiwa na baridi.