Je, Wajua? Vitenzi "dhaifu" ndivyo vilivyoshinda
Mwaka 1819 Jacob Grimm, yule yule wa ngano za watoto, alivigawa vitenzi vya Kijerumani, Kiingereza na lugha nduguze mafungu mawili. Vyenye nguvu huingia wakati uliopita kwa kubadili irabu ya ndani: <i>sing</i> ya Kiingereza huwa <i>sang</i>. Vilivyo dhaifu huongezewa d au t mwishoni: <i>love</i> huwa <i>loved</i>, <i>lieben</i> ya Kijerumani, <i>liebte</i>. Wanaisimu wengi huona kiambishi hicho ni mabaki ya kitenzi cha kale chenye maana ya "kufanya". Hata hivyo jina "dhaifu" ni la uonevu: takriban kila kitenzi kipya hujiunga na fungu hilo, na <i>help</i>, ambayo zamani iligeuka <i>holp</i>, sasa huwa <i>helped</i>.