Uwanja wa Yanga na Maji ya Msimbazi

Wengi wetu huitaja Yanga kila tukutanapo, lakini ni wachache waujuao uwanja wake wa Jangwani. Yafaa tuujue, maana habari zake zina fundisho kwetu sote, hata kwa wale walio upande wa Simba.

Chama hiki kilianzishwa mwaka 1935 na vijana wa Dar es Salaam waliopenda kandanda. Kiliitwa Young Africans, yaani Vijana wa Afrika, na midomo ya watu ikalifupisha jina hilo likawa Yanga. Mwaka uliofuata wenzao kadhaa walijitenga wakaunda timu yao, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Sunderland, na tangu mwaka 1971 huitwa Simba. Mwaka 1976 ugomvi mwingine ukazaa Pan African. Basi watani hawa wote asili yao ni nyumba moja.

Jengo la Yanga liko pembeni mwa mitaa ya Twiga na Jangwani, na uwanja uko ubavuni mwake. Ulipewa jina la Kaunda, kwa heshima ya Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia. Hapo wachezaji walifanya mazoezi yao, na wapenzi wao wakaja kuwatazama.

Mbona basi chama chenye wafuasi wengi namna hii kwa miaka mingi kimecheza mechi zake katika viwanja vya wengine? Sababu moja kubwa ni maji. Mtu asikiaye jina la Jangwani hudhani ni mahali pakavu, kumbe ni bondeni. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, hupita katikati ya mji, kisha huingia baharini karibu na daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha, maji huchukua mchanga na taka za njiani. Yafikapo bondeni hupunguza mwendo, na mchanga hutua chini. Mwaka hata mwaka kina cha mto hupungua, maji hukosa nafasi, nayo hufurika. Uwanja hugeuka bwawa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa makubwa hata wakazi wengi wa bonde hilo wakahamishiwa Mabwepande.

Kuinua uwanja kwa kifusi peke yake hakutoshi, kwa kuwa maji yaliyozuiwa hapa yatakwenda kwa jirani. Dawa huanzia juu ya mto. Chupa itupwayo mferejini Vingunguti leo, mvua ikija, huenda ikafika Jangwani.

Sisi nasi tuna uwanja wetu, na mtaro wake ukiziba hatuchezi. Wako wanaonung'unika tunapoitwa kuuzibua. Na wakumbuke kwamba hata chama kikubwa cha mpira huweza kushindwa na mchanga.