Aliyekubeba Bila Kukuuliza

Sheria kali huwa na faida moja ambayo watunzi wake hawakuikusudia: humwonyesha msomaji mahali watu walipokuwa wakitendeana wema kabla haijatungwa. Chukua Sheria Dhidi ya Ushoga ya Uganda, iliyotiwa saini na Rais Yoweri Museveni Mei 2023. Inajulikana zaidi kwa kifungo cha maisha na hata adhabu ya kifo. Kinachonivutia mimi ni vifungu vilivyomwelekea mtu wa kando kabisa: mwenye nyumba anayepangisha chumba, na jirani anayemshuku mwenzake lakini haendi polisi. Bunge halipotezi muda kukataza jambo lisilotendeka. Kama kila mwenye nyumba angekuwa tayari kumfukuza mpangaji, na kila jirani tayari kumchongea, vifungu hivyo vingekuwa vya nini? Vilitungwa kwa sababu wapo wanaonyamaza, na huo unyamavu ndio wema ninaotaka kuuzungumzia.

Kwanza tuweke wazi wema huo anatendewa nani: hapa ninamzungumzia transjenda. Transjenda ni mtu anayejijua kuwa wa jinsia nyingine, si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Anampenda nani ni swali jingine. Mswada wa kwanza uliopitishwa Machi 2023 ulitaka hata kujitambulisha hivyo kuwe kosa. Museveni akaurudisha bungeni, na toleo la Mei likaliacha jambo hilo. Mitaani, hata hivyo, hakuna anayesoma vifungu. Mwanamke mwenye sauti nzito anahukumiwa kwa sauti yake.

Sasa twende mpakani mwa Uganda na Kenya, Mella katika wilaya ya Tororo, karibu na Malaba, kisha tushuke hadi Busia. Sheria ya awali ya aina hii ilipotiwa saini Februari 2014, kabla Mahakama ya Katiba haijaifuta Agosti mwaka huo, Waganda kwa mamia walianza kukimbilia Kenya, transjenda wakiwamo. Wengi walipelekwa kambi ya Kakuma, Turkana. Njia kuu za nchi kavu kutoka Kampala kwenda Nairobi hupita Malaba na Busia. Mwaka huohuo wa 2014 ndipo Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kuruhusu raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tu, neema kwa wachuuzi lakini si kwa mtu ambaye kadi yake inasema mwanamume na gauni lake linasema vingine. Safari kama hiyo haikamiliki bila watu usiowajua. Yuko aliyekupakia, yuko aliyekuuzia chai, yuko aliyekukodisha kitanda cha usiku mmoja. Kila aliyefika Nairobi salama alipita mikononi mwa watu ambao wangeweza kupiga kelele na hawakupiga.

Mpaka huu, kwa kweli, ulijengwa juu ya desturi hiyo. Neno bodaboda lilizaliwa Busia miaka ya 1960, pale waendesha baiskeli walipowavusha abiria kutoka boda hadi boda, katikati ya vituo viwili vya ukaguzi. Kazi hiyo ina swali moja tu: unakwenda wapi? Mtu atasema huo si wema, ni biashara. Dereva alitaka nauli yake. Sawa, alitaka. Lakini kwa anayekimbia nyumba aliyozaliwa, kutozwa nauli ileile anayotozwa mama wa mitumba si jambo dogo. Anayekuhurumia ameshakuona wa ajabu. Anayepatana nawe bei amekuona abiria.

Pingamizi zito zaidi ni lile la kwamba haya yote ni mambo ya Wazungu, na wema kwa watu hawa ni kuukaribisha ugeni. Hapo Mella ni mahali pabaya pa kuisimamisha hoja hiyo. Hii ni nchi ya Wateso, watu waliogawanywa na mpaka wa wakoloni, na hata leo wana ndugu upande wa Kenya, Teso Kaskazini na Teso Kusini. J.C.D. Lawrance, ofisa wa utawala wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1957 kitabu juu ya Wateso wa Uganda, na humo alieleza kuwa walikuwapo wanaume wengi walioishi kama wanawake: walivaa mapambo ya kike, walifanya kazi za kike, walichukua majina ya kike. Maelezo yake juu ya sababu ni ya kikoloni na siyaamini. Ila hakuwa na faida yoyote ya kubuni kwamba watu hao walikuwapo, wala hasemi kwamba kuna Mzungu aliyewaleta. Walikuwa na majina, na jina la mtu halishiki mpaka wengine wakubali kumwita hivyo.

Wapo pia wanaosema kinyume: kwamba kumtegemea mtu baki ni kucheza kamari. Hawa wana haki, na sina jibu la kuwamaliza. Kijiwe kilekile cha bodaboda kinachokubeba asubuhi kinaweza kukupiga jioni. Julai 2005 mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliivamia usiku nyumba ya mwanaharakati transjenda Victor Mukasa karibu na Kampala, akachukua nyaraka zake, na mgeni aliyekutwa humo akapelekwa polisi, akavuliwa nguo ili jinsia yake ithibitishwe. Mwenyekiti huyo hakuwa afisa wa mbali. Ni yuleyule wa kijiji, ambaye barua yake ndiyo humtambulisha mgeni kwa mwenye nyumba. Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko aliamua kwamba haki za Mukasa na mgeni wake zilivunjwa, akaamuru walipwe fidia. Kwa hiyo wema wa mtu mmoja unahitaji ukuta wa kuuegemea, na ukuta huo ni mahakama.

Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria ya 2023 ikiwa hai, pamoja na adhabu ya kifo. Ng'ambo ya pili nako si peponi: Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kufuta vifungu 162 na 165 vya kanuni ya adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Lakini majaji wa Kampala walivifuta vifungu vichache, na miongoni mwavyo ni kile cha kupangisha na kile cha wajibu wa kuripoti. Mwenye vyumba vya kukodi Malaba, asiyeujua huu mjadala wala kuutaka, ameondolewa kazi ya upelelezi. Anaweza tena kumuuliza mpangaji maswali aliyoyazoea: utakaa siku ngapi, na kodi utalipa lini.