Malaysia: Nchi ambamo ‘ndiyo’ ya mwenyeji si mkataba

MKENYA atuaye Kuala Lumpur kwa mara ya kwanza hupokewa na maneno ambayo masikio yake yanayajua. Salamu ya Kimalay ni “Apa khabar?”, na hata asiyejua lugha hiyo huisikia “habari” ndani yake. Meza huitwa meja, sabuni ni sabun, wakati ni waktu, riziki ni rezeki, na bendera ni bendera tu, bila kubadilishwa hata herufi moja. Waarabu na Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki na Rasi ya Malay pia, wakaacha sehemu ya msamiati wao pande zote mbili za Bahari ya Hindi.

Ufanano huo, hata hivyo, una mtego wake. Katika Kimalay, gereja ni kanisa. Kwa Waswahili, neno lenye chimbuko hilo hilo la Kireno limekuwa gereza. Yanayofanana kwa sauti hayafanani lazima kwa maana, na hakuna neno linalowapotosha wageni wa kibiashara kama “ndiyo”.

Mwenyeji wa Malaysia, hasa akiwa Mmalay, huona vigumu kumkatalia mgeni ana kwa ana. Kukataa waziwazi ni kumwaibisha mwenzio, na aibu, inayoitwa malu katika lugha yao, ni jambo zito. Kwa hivyo “ndiyo” yake aghalabu humaanisha “nimekusikia”. Jibu lenyewe hutafutwa penginepo: katika kimya kirefu kabla ya kujibu, katika mazungumzo kugeuzwa ghafla, au katika ahadi kwamba jambo litafikiriwa, inshallah. Mgeni anayepiga meza akitaka jibu papo hapo hulipata, naam, lakini si lile atakaloweza kulipeleka benki. Huenda akarejea Nairobi akiamini kuwa ameuziwa shehena, kisha barua zake zikakosa majibu.

Suala hili si la watalii pekee. Kenya ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa barani Afrika wa mafuta ya mawese kutoka Malaysia, yale yanayoishia katika mafuta ya kupikia na sabuni madukani. Mnunuzi aliyeshindwa kuitambua “hapana” ya upole huenda akawa tayari amechukua mkopo.

Kosa la pili la wageni ni kudhani kwamba Malaysia ina desturi moja. Nchi hiyo ya watu wapatao milioni 34 ina Wamalay na jamii nyingine za asili, ambao kwa pamoja huitwa Bumiputera na ni takriban asilimia 70 ya raia. Wachina ni zaidi ya asilimia 20 na Wahindi, wengi wao Watamil, karibu asilimia saba. Historia yao haitakuwa ngeni kwa Mkenya. Dola ya Uingereza iliyoleta Wahindi kujenga reli kutoka Mombasa ndiyo iliyowapeleka Watamil katika mashamba ya mpira ya Malaya. Wachina nao walimiminika huko katika karne ya 19 kuchimba bati.

Tofauti hizo hujitokeza mara tu kadi za majina zinapotolewa, kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia. Wamalay kwa desturi hawana jina la ukoo. Bin au binti hutanguliza jina la baba, kama ilivyo kwa Waislamu wa Lamu na Mombasa. Waziri Mkuu wa zamani Mahathir bin Mohamad huitwa Mahathir. Kumwita Bw Mohamad ni kumsalimu babake. Kwa Wachina, jina la ukoo hutangulia: bingwa wa mpira wa vinyoya Lee Chong Wei ni Bw Lee, wala si Bw Wei. Aidha, anayebeba heshima ya Datuk au Tan Sri, ambayo hutolewa na watawala, hutajwa nayo daima. Kuiacha ni sawa na kumwita mzee wa kijijini kwa jina lake tupu.

Katika kusalimiana, mwanamume humsubiri mwanamke Mwislamu anyoshe mkono kwanza. Asipounyosha, kiganja huwekwa kifuani na kichwa huinamishwa kidogo. Mkono wa kushoto hautoi wala haupokei kitu, jambo ambalo Mpwani hahitaji kufunzwa. Kuonyesha kwa kidole cha shahada ni utovu wa adabu. Hutumika kidole gumba juu ya ngumi iliyofungwa.

Zawadi nazo zina miiko yake. Pombe haipelekwi kwa Mmalay, wala bidhaa ya ngozi ya ng’ombe kwa Mhindu. Kwa Mchina, saa ya ukutani hukumbusha kifo, na tarakimu nne huepukwa kwa kuwa matamshi yake yanakaribiana na ya neno hilo.

Kalenda pia yataka uangalifu. Siku ya Ijumaa ofisi za serikali katika majimbo mengi husitisha kazi kuanzia saa sita na robo hadi saa tisa kasorobo kwa ajili ya swala. Katika majimbo ya Kelantan, Terengganu na Kedah, mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Johor ilifuata utaratibu huo kuanzia 2014, ikarejea Jumamosi na Jumapili mnamo Januari 2025, hivyo ratiba za zamani huweza kumpeleka mtu kwenye mlango uliofungwa.

Kuna mazungumzo ambayo mgeni huwaachia wenyeji: dini, masultani na uhusiano wa jamii hizo. Ghasia za Mei 13, 1969, kati ya Wamalay na Wachina ziliua watu wengi jijini Kuala Lumpur, na sera ya uchumi iliyoanza 1971 ilitokana nazo. Ililenga kuwapa Bumiputera asilimia 30 ya umiliki wa makampuni, kutoka takriban asilimia mbili. Mpaka leo, baadhi ya zabuni za serikali zimetengewa kampuni zao. Mgeni hulazimika kujua mapema iwapo mshirika wake anaruhusiwa kuomba kazi anayoiahidi. Na swali hilo huulizwa faraghani, si mbele ya wengine mezani.

Pengine mahali bora pa kuwajua watu hawa si ofisini. Wakati wa Idi, Mwaka Mpya wa Kichina au Deepavali, familia nyingi hufungua milango yao, nao majirani na wafanyakazi wenza wa kila dini huingia kula. Mgeni akialikwa, huvua viatu mlangoni na kuonja chakula, japo kidogo. Bei ya shehena haitajwi siku hiyo. Mwenyeji akiwa tayari kuijadili, atapiga simu mwenyewe baada ya sikukuu.