Mada, Muda na Ngeli: Mashindano ya Kuunda Michezo ya Tarakilishi kwa Jicho la Mwanafunzi wa Kiswahili

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili anaposikia habari za mashindano ya waandishi wa programu, hudhani kwamba hayo ni mambo ya wenzake wa kitivo cha sayansi, naye hupita njia yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mashindano ya aina moja, yaani yale ya kuunda michezo midogo ya tarakilishi kwa muda mfupi, lugha haikai pembeni. Hukaa katikati kabisa, na pengine sisi ndio tuliochelewa kufika.

Kwanza tueleze yanavyoendeshwa. Mashindano ya Ludum Dare, ambayo jina lake ni la Kilatini lenye maana ya kutoa mchezo, yalianza mwaka 2002. Utaratibu wake uliozoeleka ni kumpa mshindani saa 48 aunde mchezo peke yake. Baadaye kikaongezwa kitengo cha saa 72 ambacho vikundi huruhusiwa kuingia. Mwaka 2005 Richard Jones wa Australia alianzisha PyWeek, ambapo mshindani mmoja au kikundi hupewa juma zima, kwa sharti kwamba mchezo uandikwe kwa lugha ya programu iitwayo Python. (Lugha hiyo haikupewa jina la chatu, kama wengi wadhanivyo, bali la kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.) Mchezo sharti uandikwe upya ndani ya muda uliowekwa. Mada hupigiwa kura na washiriki wenyewe, nayo hutangazwa saa ya kuanza, si kabla. Kazi zikishakamilika, washiriki huchezeana michezo yao na kutunukiana alama kuanzia 1 hadi 5 kwa kuzingatia burudani, ubunifu na ukamilifu wa kazi.

Katika kikundi mmoja huandika programu, mwingine huchora, mwingine hushughulikia sauti. Hata hivyo, saa za mwanzo haziishii katika uandishi wa programu. Huishia katika kulijadili neno: mada hii ina maana gani, na ni maana ipi ambayo vikundi vingine havitaiona? Kikundi chenye pupa hujitwika wazo kubwa mno, na siku ya mwisho kikajikuta na jumba lenye milango mingi isiyofunguka.

Msomaji wa fasihi simulizi hakosi kukiona hapa kitendawili kilichopinduliwa. Katika kitendawili chetu, mtegaji analo jibu, na hadhira hulitafuta kwa kupekua sitiari. Katika mashindano haya, jibu ndilo linalotolewa kwanza, tena kwa wote, kisha kila kikundi hutakiwa kulitungia mtego wake. Anayetegua ndiye hakimu, na yeye mwenyewe ametega kwingine. Sijui utanzu wetu mwingine unaoukaribia utaratibu huu zaidi, labda majibizano ya malenga, ambapo hoja ni moja na kila mmoja huigeuza upande wake. Na wale wanaoshikilia kwamba arudhi hubana fikra wangefaidika kuyatazama mashindano haya. Sheria zake ni kali kuliko mizani na vina, ilhali kutokana na ukali huo hutoka mambo ambayo mtu mwenye mwaka mzima wa kufanya kazi asingeyawaza.

Mfano ulio bora ninaoujua ulitokea Copenhagen mwaka 2017, katika mashindano ya Nordic Game Jam. Mada ilikuwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo sisi tungeyafasiri "hayupo", au "hakipo", au "haupo". Tayari ngeli zinatuuliza ni nini kisichokuwapo! Mfini Arvi Teikari, aliyefanya kazi peke yake ingawa wengi huingia kwa vikundi, hakuunda mchezo kuhusu kitu kilichopotea. Alilishika lile neno la kukanusha lenyewe. Akawaza bonge la barafu limetulia salama katika ziwa la lava kwa sababu moja tu: mahali fulani pameandikwa kwamba barafu haiyeyuki. Mchezo huo, Baba Is You, ulishinda, na mwaka 2019 ukatolewa rasmi ukiwa umepanuliwa.

Ndani yake kila kanuni ni sentensi iliyopangwa kwa matofali ya maneno, na mchezaji huyasukuma matofali hayo. Palipopangwa UKUTA NI KIZUIZI, ukuta haupitiki. Ukilisukuma tofali la KIZUIZI likatoka mahali pake, unapita ndani ya ukuta kama hewa. Palipopangwa BABA NI WEWE, wewe ndiwe yule mnyama mweupe aitwaye Baba. Weka JIWE mahali pa BABA, nawe unakuwa jiwe. Sintaksia hapa ndiyo sheria ya ulimwengu.

Sasa na tujaribu kuuandika mchezo huu kwa Kiswahili. Sentensi za "ni" zenye nomino pande zote mbili hazina taabu: BENDERA NI USHINDI. Lakini mchezo una tofali la rangi nyekundu linalofaa kila nomino bila kubadilika. Sisi tuna ukuta mwekundu, jiwe jekundu, bendera nyekundu na kiti chekundu. Una tofali moja la kumiliki. Sisi tuna ukuta una, jiwe lina, kiti kina. Lile tofali la kukanusha, ambalo ndilo lililozaa mchezo wote, huongezwa tu baada ya kitenzi kishirikishi na sentensi ikapinduka. Kwetu "ni" haifuatwi na chochote: huondoka yenyewe na "si" ikakaa mahali pake. Barafu ya Teikari isingepatikana kwa njia ile.

Mtafsiri atalalamika. Mtunzi, kwa maoni yangu, afurahi, maana Kiswahili hakitaki tofali la neno zima, kinataka tofali la kiambishi. Tuseme kikundi chenye mwandishi wa programu na mwanafunzi wa mofolojia kimepewa saa 48. Mbele ya mchezaji upo MLANGO uliofungwa, wenye tofali la M- na tofali la -LANGO. Akileta KI- badala ya M-, anapata kilango, chembamba kiasi cha kupitisha panya. Zipo nomino zitakazowatoa jasho: mto huwa kijito, wala si "kito", ambacho ni johari; nayo nyumba hubadilika umbo ikawa kijumba na jumba. Lakini katika mlango mambo ni mepesi. Mchezaji alisukume tofali la M- litoke kabisa, asiweke kitu mahali pake. Herufi zimepungua, na kilichosimama mbele yake ni LANGO, ambalo hata lori linapita.