Nasaba ya Adadi ya Sikonge

Katika sensa ya mwezi wa Agosti 2012, wilaya ya Sikonge, iliyo kusini ya mji wa Tabora, ilihesabiwa kuwa na watu 179,883; na aghalabu msomaji aonapo adadi kama hiyo huutazama ukubwa wake tu, kisha akafunua ukurasa, ilhali ndani yake mna nasaba kamili ambayo yeyote mwenye kalamu na subira aweza kuifuata hata kwenye shina lake.

Tuanze na tarakimu. Tukijumlisha 1, 7, 9, 8, 8 na 3 twapata 36, na maadamu 36 hugawanyika kwa 9 bila ya baki, adadi nzima nayo hugawanyika vivyo hivyo. Kwani 10, 100, 1,000 na zilizo juu yake, kila moja ikigawanywa kwa 9 husaza 1, hata kila tarakimu ikahesabiwa kwa thamani yake yenyewe, popote ilipowekwa. Tena tukianza kulia, tukatoa na kuongeza kwa zamu, 3 toa 8, ongeza 8, toa 9, ongeza 7, toa 1, twaishia sifuri, nayo ndiyo dalili ya kugawanyika kwa 11. Kinachobaki ni 1,817, yaani 23 mara 79. Basi adadi yetu ni 3 mara 3 mara 11 mara 23 mara 79, na hizo ni namba tasa, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zao. Wala hakuna jamii nyingine ya namba tasa iwezayo kuizaa.

Lau wangalikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, kiongozi wa msafara angeweza kuwapanga safu zilizo sawasawa kwa namna 24, kwani ndiyo idadi ya vigawo vyake. Lakini zingalikuwa nguo za kufungwa korja korja, ishirini ishirini, zingalisalia tatu.

Nicomachus wa Gerasa aliziainisha adadi kwa jumla ya vigawo vyake, adadi yenyewe isitiwe: 6 ni kamilifu, maana 1, 2 na 3 hurejesha 6, 12 ina ziada, na ya Sikonge, ambayo vigawo vyake hufika 119,637 tu, ni pungufu. Naye Thabit bin Qurra, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, alitafuta kanuni ya adadi marafiki, kama 220 na 284, ambazo vigawo vya kila moja huijenga mwenzake. Na mimi sijui utafiti wa hisabati ulio mzuri kuushinda huo.

Hata hivyo nasaba hii haikai. Mwana mmoja akizaliwa Ipole au Tutuo baada ya hesabu kufungwa, adadi ikawa 179,884, witiri hugeuka shufwa, na 3, 11, 23 na 79 huondoka zote pamoja, kwa kuwa namba tasa igawanyayo adadi mbili zifuatanazo ingepaswa kuigawanya pia tofauti yao, ambayo ni moja. Na mahali pao huja 2 na 2, na kando yao namba tasa moja kubwa, 44,971.