Betri Inayokufa Usiku

Gari lililoegeshwa salama jioni Mwanga mjini, asubuhi likagoma kuwaka, mara nyingi lina moja ya hitilafu tatu: betri imechoka, alteneta haichaji, au kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa. Dalili za zote hufanana: stata hulialia na taa za dashibodi hufifia. Ndiyo maana wenye magari wengi hukimbilia kununua betri mpya, na baada ya wiki chache hujikuta wakisukuma gari tena. Mita ya umeme, ambayo fundi yeyote makini anayo, huzitenganisha hitilafu hizo kwa dakika chache.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5; kisipopanda, alteneta, mkanda wake na waya zake ndivyo vya kukaguliwa. Betri iliyojaa lakini ikashuka chini ya 9.6 stata inapozunguka imefika mwisho wake. Joto la uwanda wa Lembeni na Kisangara huichakaza betri kuliko baridi, kwa kuwa huharakisha kutu ya ndani na kukausha maji yake. Baridi ya alfajiri kule Usangi hufichua tu uchovu ulioanzia bondeni.

Betri na alteneta zikiwa nzima, unabaki umeme unaovuja. Gari la kisasa halilali kabisa: saa, king'ora na kompyuta hutumia miliampea 20 hadi 50, na hilo ni la kawaida. Taa ya buti ya wati 5 isiyozimika hula karibu miliampea 400. Kwa betri ya ampea-saa 60, hiyo ni nusu ya chaji ndani ya siku tatu, na hakuna anayeiona kwa sababu buti limefungwa.

Kupima, waya wa hasi hufunguliwa na mita huwekwa kati yake na betri, ikiwa kwenye kipimo cha ampea. Milango hufungwa na gari huachwa nusu saa ili kompyuta zilale. Anayeharakisha hapa hudanganyika. Stata haiguswi mita ikiwa hapo, maana mita itaungua. Kipimo kikibaki juu, fyuzi huchomolewa moja moja mpaka namba ishuke, na njia ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mwizi. Zikiisha zote bila mabadiliko, alteneta ishukiwe: dayodi yake ikiharibika hurudisha umeme usiku kucha. Ile desturi ya kufungua kichwa cha betri injini ikiunguruma ili kuijaribu alteneta iachwe kabisa, kwani huweza kuunguza kompyuta na alteneta yenyewe.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ni ngumu zaidi, kwa sababu gari hufika gereji likiwa zima. Hapo swali la kwanza ni lini na wapi. Taa zinazopepesa kwenye kona na mashimo ya barabara ya kupanda Usangi huelekeza kwenye muunganiko uliolegea, hasa waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi au unga mweupe ama wa kijani kwenye vichwa vya betri. Unga huo huoshwa kwa maji yenye magadi, kisha vichwa husuguliwa kwa msasa na kukazwa.

Katika Noah za abiria, pa kutazama mapema ni mlango wa nyuma. Hufunguliwa na kufungwa kutwa nzima kupakia mikungu ya ndizi, na waya zilizopita ndani ya mpira karibu na bawaba hukunjwa kila mara. Mpira ukivutwa, huonekana ganda limepasuka na nyuzi za shaba zimekatika au zinagusana. Mlango ukifungwa taa inawaka, ukifunguliwa inazimika, au fyuzi inaungua bila sababu inayoonekana.

Fyuzi iliyoungua mara mbili isibadilishwe kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya. Waya wa gari utapata moto kabla ya fyuzi hiyo kukatika, na magari huteketea hivyo. Ya ampea 10 irudishiwe ya ampea 10, na shoti iendelee kutafutwa.